Dhambi Zangu za Alunguli

Jumapili, 12 Aprili 1953

Leo kanisa lote limesimama sababu yangu! Hapana kusimama ya wimbo. Kusimama ya kushangaa. Wamama wa benchi la mwisho walipanda hata juu ya benchi, waone muntu mwenye dhambi kubwa vile anafanana namna gani.

Anafanana vizuri! Simishi nyeupe, shati ya siku kubwa, kravati ya bluu, viatu vinalia juu ya saruji — kwa, kwa, kwa.

Ilianza hivi. Ubatizo iko siku ya Pentekoste, kule mutoni, na vijana watapiga maji na kasia ili mamba asogee mbali. Lakini kwa kanisa letu hauingii majini bure. Kila muntu wa kalasa ya ubatizo anasimama kwanza mbele ya watu, anatoa ushuhuda: alikuwa wapi, Mungu amemutoa wapi. Anaclet, yule wa kutia kuni ku gari la moshi, alisimama mbele yangu. Akasema: nilikunywa, nimeacha, asante. Akakaa! Sasa hiyo njo ushuhuda? Hata kuuliza njia ya sokoni ni maneno mengi kuliko ile. Watu wakakohoa. Mama mumoja akatia mutoto ziwa.

Kisha Mwalimu Désiré akaita: "Bruno Kalume." Désiré ni mutoto wa dada yangu. Mimi njo nilimufundisha kuogelea, leo yeye njo ananifundisha Injili. Nikaenda mbele. Nilitaka kusema kweli, naapa. Kweli yenyewe ni fupi: lotoko ilinishika miaka mingi — ile pombe kali ya mahindi na muhogo yenye polisi wanakataza — na tangu Noeli sijaigusa. Basi. Lakini niliangalia zile nyuso. Benchi zimejaa! Mimi kapita, musimamizi wa wabebaji wa bandari, sauti yangu inafika ngambo bila ngoma, niseme "nimeacha, asante" kama Anaclet?

Nikawaambia ile siku nilikunywa damejani nzima, ile chupa kubwa ya tumbo, nikaruka mutoni na nguo, nikapigana na kiboko mwenye alifungia bato, meli ya muto, njia. Kiboko yule iko kweli. Nilimuona. Naye aliniona. Kati ya kuonana na kupigana nafasi ni ndogo sana.

Haleluya zilipanda mupaka kwa mabati! Désiré alifuta macho. Odile, muke wangu, hakufuta kitu. Aliangalia vidole vyake vya muguu. Ku njia ya nyumbani akaniita kwa jina la mutoto wetu, mwenye amekwisha kuhama: "Baba Ngoyi, kiboko gani?" Nikamwambia ni mufano. Akasema: "Aa."

Jumatatu, 13 Aprili

Bandarini wabebaji walitua marobota ya pamba ili waniulize habari ya kiboko. Mimi kapita, kazi yangu ni kuwakataza kusimama. Leo sikuwakataza.

Bulaimu alicheka mupaka akakaa chini. Bulaimu huyu tumekunywa naye tangu ndevu zetu bado kuota, na yeye bado anakunywa. "Kalume! Wewe uogelee na lotoko ndani ya tumbo? Wewe ukinusa tu kizibo unalala!" Nikamwambia siku ile yeye alikuwa amelewa, hakuona. Akafikiri. Akasema: inawezekana.

Ijumaa, 17 Aprili

Désiré amekuja saa ya chakula. Anakula kwanza, anasema nyuma — tabia ya mama yake ile. Amesema kanisa la Alunguli, ngambo ile ingine ya muto, liko na benchi tupu, na watu kule wanauliza kila siku: yule wa kiboko anavuka lini?

Ni mutoto muzuri, Désiré. Haibi, hanywi, hasemi watu. Lakini anapenda benchi zilizojaa namna wengine wanapenda nyama. Nikamwambia: mujomba wako ni muntu wa kazi, niache nifikiri. Alikunywa maji. Alipotua kikombe nilikuwa nimekwisha kufikiri.

Jumapili, 19 Aprili

Nimeharibu. Hapana. Nianze na yenye ilikwenda vizuri.

Tulivuka asubuhi, mutumbwi umejaa. Désiré na Biblia, mimi na kravati, Odile na kikwembe chake cha siku kubwa, na Bulaimu. Bulaimu alikuja na chupa yake ndani ya koti, nia yake ilikuwa kucheka. Alisema mwenyewe.

Kanisa la Alunguli ni la miti na udongo, lakini watu! Wengine wamesimama inje kwa madirisha. Nikaanza kiboko. Kumbe wamekwisha kusikia! Muntu wa kwetu Kindu alivuka mbele yangu akakitapanya chote. Walikaa kama watu wenye wamemaliza sahani ya kwanza, wanangojea ya pili. Nikaleta jela ya Pangi, namna nilivyotoboa ukuta na kijiko. Mama mumoja akapiga mwayo. Mwayo! Kwa jela yangu!

Basi kinywa kikafunguka chenyewe. "Na siku za mushahara," nikasema, "niliacha muke wangu mwema njaani, nikashuka Lokandu, kwa mwanamuke." Hata watoto wakaacha kucheza. "Jina lake Sharifa!" Mama yangu, nilitoa wapi jina lile? "Pete za zahabu masikioni! Pengo hapa mbele! Anakausha samaki mupaka malaika wanasikia harufu!" Mimi Lokandu nimepita tu juu ya bato. Niliona moshi.

Wamama walishika vichwa. Muzee mumoja alisema "Ee Bwana" kwa sauti ya muntu mwenye anataka kusikia tena. Na nyuma kabisa, Bulaimu akaanza kulia. Bulaimu! Nilifikiri anacheka. Alikuja mbele anayumba, akapiga magoti, akasema kama Mungu amemusamehe Kalume yote ile, mimi wa chupa tu nitashindwa nini? Akaitoa ile chupa ku koti, akaimimina mulangoni. Udongo ulikunywa, sisi wote tukaangalia. Nikasema Amina kushinda wote.

Njo nikakumbuka Odile naye alivuka. Alikuwa benchi la tatu, upande wa wamama. Alikuwa ananiangalia vile muntu anaangalia barabara.

Kurudi, alikaa mbele kabisa ya mutumbwi, mugongo kwangu. Mupiga kasia akasema: mama iko kimya leo. Nikasema ni jua.

Jumatatu, 20 Aprili

Samaki bila chumvi. Bugali kama ngumi ya mutoto.

Nikamwambia: "Mama Ngoyi, mwanamuke yule hayuko."

"Jana mbele ya Mungu alikuwako."

"Nilisema iko. Lakini hayuko."

"Basi uliongopa kanisani, ao unaongopa hapa. Chagua."

Sikuchagua. Nilisema naenda kuangalia paa, inavuja. Haivuji.

Alinifuata mupaka inje, mwiko mukononi. Alisema watu wote wanaongopa kwamba hawakufanya mubaya. Yeye mwenyewe ameongopa vile, mimi pia, hata Désiré alipokuwa mudogo na ile sukari. Lakini kuongopa kwamba umefanya, na hukufanya? "Nani iko mujinga vile, Baba Ngoyi? Nionyeshe muntu mumoja."

Namujua huyo muntu. Anaandika hapa.

Jumatano, 22 Aprili

Odile amekwenda Lokandu!

Nimerudi kazini, jiko baridi. Jirani, kichwa juu ya lupango, ule ua wetu, ananiambia na furaha yote: mama alipanda mutumbwi wa wavuvi asubuhi, na beseni, na mukeka, na kuku ya kahawia. Alisema anakwenda kumusalimu mwenzake. Mwenzake! Mukemwenza wake wa bure, aliyezaliwa juzi kwa kinywa changu, sasa anapelekewa kuku.

Kwanza nilicheka. Aende! Atauliza Sharifa wa pete na pengo, watamwambia hatumujui, atarudi na haya, atanipikia vizuri. Nimekula muhogo mubichi nikicheka.

Sasa sicheki sana. Kuku ile ya kahawia ilikuwa inataga.

Jumamosi, 25 Aprili

Hakuna kitu cha kuandika. Naandika tu.

Bato ya kutoka chini imefika. Odile hayuko ndani. Nikauliza, wakasema hapana, labda ya Jumanne. Tukapakua. Kasanda, mupishi wa bato, aliniita kwa ngazi: "Kapita, njoo ukunywe chai." Iko na birika yake ya chai, kila mubebaji anajua hakuna chai ndani. Polisi anapita, anaona birika, anasema chai njema. Kasanda akanimiminia kikombe.

Nyumba iko tupu. Désiré hayuko, benchi haziko, Odile hayuko. Nikashika kikombe. Mukono huu unajua njia wenyewe, hauniulizi. Ulifika hapa, chini ya pua. Harufu ile — naifahamu kuliko harufu ya mama yangu.

Nikakitua juu ya robota. Kasanda akasema: "Kapita, itapoa!" Wakacheka wote. Nikaenda nyuma ya magunia ya ngazi za mawese, nikakaa juu ya mukono ule kama muntu anakalia kuku mwenye anataka kukimbia. Nilitaka kuomba vizuri, vile Désiré anaomba, na "Ewe" na "Wewe uketiye". Ilitoka tu: Baba, mukono. Baba, mukono. Mupaka filimbi ya bato.

Basi. Nikarudi kazini. Ile siwezi kuisema Alunguli, watalala. Hakuna kiboko ndani.

Jumanne, 28 Aprili

Amerudi. Bato ya leo. Uso wake iko pole, na Odile akiwa pole njo hatari. Kuku hayuko. Akakaa, akavua viatu, akasema:

"Nimemuona Sharifa."

"Sharifa gani?"

"Wako."

Mimi mujinga. Lokandu! Waarabu wa zamani walikaa kule, wameacha majina yao kila nyumba. Ukiita Sharifa pale, wanageuka watano. Odile aliwaambia pete za zahabu, pengo mbele. Watu walianza kucheka, wakamupeleka kwa bibi mumoja muzee sana, mwenye hana jino hata moja. Pengo tupu! Pete iko sikio moja.

Odile akamuuliza kama anamujua Kalume, kapita wa Kindu.

"Bibi aliniangalia," anasema Odile. "Akaangalia kuku. Akasema: Kalume! Kijana yule muzuri! Bado anaimba?"

"Mimi siimbi!"

"Njo alisema. Unaimba vibaya. Alisema ulikuwa unalia saa ya kuondoka. Alisema kasia hujui kushika. Alisema unakoroma."

"Kila mwanaume anakoroma!"

"Alijua, Baba Ngoyi. Sikumwambia."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nikamwambia yule bibi anakuchezea, ameona kuku, ameona mugeni, siku zake ni ndefu hana wa kucheka naye! Odile akasema bibi alimupa kitanda chake, akamulisha samaki wa kukauka siku zote alizokaa, wakaongea mupaka koo ikauma. Anakusalimu. Anauliza kikwembe ulichomuahidi kitafika lini.

Hapo kona ya kinywa chake ilicheza. Ao ni mwanga? Jua lilikuwa linaingia kwa mulango. Sikuona vizuri.

Kisha hakucheza tena. Aliniambia neno moja, na nitaliandika vile alivyolisema. Jumapili wazee wa kanisa watachagua nani anaingia majini. Yeye iko ndani ya kalasa ile pamoja na mimi, amengojea miaka, alinifuta matapishi huku akijifunza Amri Kumi. Hatabatizwa kando ya mwanaume wa nyumba mbili. "Kama Sharifa ni wa kweli, nakwenda kwa kaka zangu Pangi, na utanisikia kwa watu. Kama ni wa uongo, utasema kulekule ulikosemea. Mbele ya watu. Hapa nyumbani sisikii tena."

Amelaza mukeka wake jikoni.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimekwenda kwa Désiré. Alikuwa anapigilia benchi mupya, ya Alunguli. Nikamwambia yote kwa mara moja, vile muntu anang'oa jino.

Alijipiga nyundo ku kidole.

"Sharifa hayuko?"

"Sasa iko. Lakini sikumujua."

"Na jela ya Pangi?"

"Nimepita mbele yake. Ni kubwa."

"Na kiboko, Mujomba?" Sauti kama ya mutoto. "Kiboko nacho?"

"Kiboko iko. Mimi njo sikuwa."

Akakaa juu ya ile benchi bila muguu mumoja, ikaanguka naye. Sikucheka. Nilicheka kidogo. Naye alibaki chini, anaangalia kidole. Akasema Bulaimu hajagusa chupa tangu siku ile, unajua? Watu wa Alunguli wanakuja na viti vyao. Wamama wanne wameacha kupika lotoko. Yote sababu ya Sharifa. "Kwani lazima useme, Mujomba? Nyamaza tu. Jumapili sema Mungu ni mwema, ukae. Hiyo si uongo."

Nikamuangalia vizuri. Aliogopa. Hapana kwa ajili ya Bulaimu. Aliogopa vile mimi naogopa, kwa ajili ya benchi.

Nilitoka mwepesi! Mwalimu mwenyewe amesema ninyamaze! Wepesi ule ulinipeleka mupaka kona ya kisima. Pale uliisha. Mungu ni mwema, nitakaa, na Odile atafunga beseni aende Pangi.

Jumamosi, 2 Mei

Bulaimu amekuja kunisaidia kupanga magunia. Simishi safi, macho meupe, anatetemeka vidole lakini anapanga. Ananiita ndugu. Ananiambia kiu ikimushika usiku anasema ndani ya moyo: Kalume ameacha Sharifa, mwanamuke wa zahabu, wa samaki wale, na mimi nishindwe na chupa? Analala.

Nilitaka kuingia mutoni, na nguo, kwa kweli safari hii.

Nikisema, namunyang'anya fimbo anayotembelea. Nikinyamaza, namupoteza Odile, na nitaingia maji ya ubatizo na uongo shingoni kama kravati. Nimejaribu kutunga neno la tatu la katikati. Mimi! Mwenye kutunga jela na kijiko! Sikupata.

Odile amepita na ndoo. Nikamuuliza: kama nikisema, utakuja kusikia? Akasema: "Nitakaa mbele."

Jumapili, 3 Mei

Naandika nimekaa juu ya kiti kidogo, inje ya nyumba ya Désiré, kando ya kanisa. Wazee wako ndani, mulango umefungwa. Wanazungumuza mimi. Mimi naandika.

Nimesema.

Watu wa Alunguli walivuka wote, na viti vyao. Désiré aliita jina langu, hakunitazama. Odile alikuwa benchi la kwanza. Nilikuwa na "Mungu ni mwema" tayari mudomoni, nakiri hapa. Nikamuona, ameshika beseni yake juu ya magoti. Beseni imefungwa na kitambaa, nguo ndani. Alikuja nayo kanisani! Kutoka hapa njia ya Pangi ni mukono wa kuume, njia ya nyumbani ni wa kushoto.

Nikasema: Sharifa sikumujua kamwe. Nikasema jela sijaingia. Kiboko nilimuona mbali, nikakimbia. Mimi sikuwa hata mulevi mukubwa. Naonja, nalala. Nimelala sokoni, nimelala mbele ya posta, nimelala mazishi ya shemeji yangu juu ya miguu ya muchungaji. Muke wangu alinibeba mugongoni kama kuni, katikati ya cité, mutaa wetu, mbele ya watu wa kwao, na suruali yangu imelowa. Akaifua. Kesho yake nililowesha ingine. Njo dhambi yangu. Ni ndogo, na inanuka. Nimeacha tangu Noeli, na nilipoacha nikaanza kuwaongopea ninyi, sababu mulinipenda.

Hakuna Haleluya. Mutoto mumoja alicheka. Kisha benchi lake. Kisha kanisa zima, mupaka kwa madirisha. Hawakucheka vile wanacheka hadizi yangu. Walinicheka mimi. Sijui kama nimewahi kusikia mulio ule nikiwa macho. Nilisimama chini yake kama muntu chini ya mvua.

Bulaimu akainuka, akatoka. Moyo wangu ulitoka naye.

Muzee Kazadi, mukubwa wa wazee, Mukasai wa gari la moshi, muntu wa kupima neno kama dawa, alisimama. Alisema, tulimusadiki aliposema alitenda, leo anasema hakutenda. Kesho atasema nini? Muntu wa vinywa viwili, tutajua aje kwamba hata pombe ameacha? Nani shahidi? Wakaingia ndani, wazee wote na Désiré. Nikaambiwa ningojee.

Sasa Bulaimu. Amekuja! Ametoka kwa njia ya soko. Niliangalia koti: haina uvimbe wa chupa. Amesimama mbele yangu, ngumi zimekunjwa.

"Umeniibia," anasema.

"Nimekuibia nini?"

"Sharifa! Sasa nikisikia kiu nishike nini? Suruali yako?"

Ningekuwa na hadizi ningempa. Nilikuwa na ile ya birika tu. Nikamwambia: Kasanda, kikombe, harufu, nyumba tupu. Nyuma ya magunia. Sikuongeza kitu. Ilikuwa vigumu, kulikuwa na nafasi nyingi za kuongeza! Alisikiliza na kichwa chini.

"Mukono ulifanya nini nao?"

"Niliukalia."

"Mupaka lini?"

"Mupaka filimbi."

Alikaa kando yangu, udongoni. Akasema: "Hiyo naweza." Akasema kiboko asingeweza, na Sharifa hata kumufikiri kulikuwa kunamuchosha. Bado iko hapa kando yangu, anachimba ardhi na kijiti. Ananiambia niandike kwamba bado amekasirika. Nimeandika.

Mulango umefunguka. Désiré. Macho mekundu. Anasema wazee wanauliza mara ya mwisho: shahidi iko, ao hayuko? Bulaimu akasimama, Désiré akamwambia keti, wewe ulikuwa unakunywa naye.

Odile alikuwa kwa lupango, na beseni yake. Alikuwa pale wakati wote, mukono juu ya kiuno, hakunisogelea. Sasa anakuja. Amepita mbele yangu. Beseni akaitua — juu ya magoti yangu! — akafunga kikwembe vizuri, akaingia. Mwanamuke ndani ya kikao cha wazee! Muzee Kazadi alikohoa. Mulango umefungwa.

Nasikia. Ukuta ni wa miti.

Muzee Kazadi anauliza: mama, unajua aje kwamba ameacha? Odile anasema: "Wazee wangu, zamani saa ya chakula cha jioni alikuwa amekwisha kulala. Nyumba kimya. Nilisuka nywele, nilifikiri mambo yangu. Tangu Noeli halali! Anasema. Anasema mupaka taa inaisha mafuta. Masikio yangu hayajapumuzika siku hata moja. Kama angekunywa kidogo tu, mungeniona mimi nimenenepa."

Wanacheka! Muzee Kazadi anacheka, mulio wake kama mulango wa gari la mizigo!

Sasa anaongeza habari ya mahali nililala, lakini haisemi vizuri. Aliruka ile ya posta. Na mazishi ameyaweka mbele, mazishi ni ya mwisho, kila muntu anajua unaweka ya mwisho! Bulaimu amenishika simishi. Ananiambia: keti, Kalume. Nimekaa. Beseni ni nzito.

Sasa sauti ya Muzee Kazadi, polepole: na yule mwanamuke wa Lokandu, mama? Ulikwenda. Ulimuona. Iko, ao hayuko?

Odile anawaacha wangojee. Nasikia kiti kinasogezwa. Nasikia anakohoa kidogo, hapana ya ugonjwa.

"Wazee wangu," anasema, "mukae vizuri."

Mama yangu! Hivyo njo mimi ninavyoanza! Neno kwa neno, na kikohozi! Bulaimu ameacha kuchimba. Nasogeza kiti karibu na ukuta na beseni yote. Muntu wa kwenda Pangi haanzi hadizi namna hii.